Jeti Nne Ndani ya Kopo la Kakao

Molo, Ijumaa alasiri

Nyambura,

Sikuulizi hali kwa sababu ninaijua. Tangu Jumamosi iliyopita tumeishi katika nyumba moja kama wapangaji wasioelewana, wewe ukipitia mlango wa nyuma, mimi nikikaa sebuleni na gazeti ambalo sijalisoma. Sasa umekwenda na mama yako kumuaga shangazi yako, na gari limebaki uani, pua yake imeelekezwa langoni tayari kwa safari ya kesho. Ninaliona kutoka mezani hapa. Nimekasirika, na nitaandika nikiwa nimekasirika, maana nikingoja hasira ipoe utakuwa umekwisha kufika Mombasa, na jambo lenyewe haliwezi kungoja ufike Mombasa.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na majirani wa kuepuka sitaziandika. Mama yako amekwisha kukupa zote, pamoja na gunia la viazi ambalo amelifunga mshipi katika kiti cha abiria kana kwamba ni mtoto wa kupelekwa kliniki. Mimi nina jambo moja tu. Uliniuliza swali Jumamosi, na mimi sikulijibu. Nilikufokea. Barua hii ndiyo jibu.

Kwanza nikuambie kosa lako, kwa kuwa unalo, na sitaki ukimaliza kusoma udhani limefutwa na la kwangu.

Miaka miwili iliyopita ulikuja hapa mezani ukaniomba lile gari dogo la milango miwili lililolala chini ya turubai katika banda la ng'ombe tangu kabla hujazaliwa. Ulisema wewe ni mhandisi sasa na ni aibu mhandisi kuwa na injini ya rotari nyumbani ikilaliwa na kuku. Nilikubali kwa sharti moja. Nilikuambia ulitengeneze lirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani, wala usilifunge tabo ya kuliongezea nguvu.

"Sawa, Baba."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Baba. Bila tabo."

Jumamosi nilikuwa hapo langoni nikizungumza na mtu wa maziwa. Nikasikia gari likipanda kilima kutoka barabara kuu, na kabla sijaliona nikasikia ule mluzi. Miaka ishirini na minane sikuwa nimeusikia, na nywele za mikono zilinisimama. Ukashuka unacheka, mama yako akapiga makofi, na yule mtu wa maziwa akasema, "Aki hiyo gari inalia kama ndege ya jeshi!"

Nikakuuliza, "Ni nini hicho kinachopiga mluzi?"

"Ni tabo, Baba. Usikasirike kwanza. Si uingie tu uskie venye inavuta?"

Uliapa kwa jina la Mungu, na kwa muda wa miezi minane, kila Jumamosi, ulituaga ukisema unakwenda Nakuru kusaidia rafiki uliyempelekea gari. Hukwenda Nakuru. Ulipita Nakuru, ukapita Gilgil, ukaenda hadi Karagita, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa maua, kwa mzee anayetengeneza bodaboda na pampu za maji. Ulikula ugali wake. Ulirudi hapa na mafuta kwenye kucha ukatuambia uongo mezani, baada ya sala ya chakula. Hilo ni kosa lako. Nimeliandika, na nimelipigia mstari.

Halafu, ukiwa bado unacheka, ukasema: "Baba, Fundi Wafula anauliza jeti zake nne ziko wapi. Anasema nikuulize wewe."

Hapo ndipo nilipoinua fimbo. Sikukupiga wewe, sijapata kukupiga tangu ukiwa darasa la tatu, lakini nilipiga mlango wa gari, na lile bonyeo unaloliona chini ya kitasa ni la fimbo yangu. Nilipaza sauti kuhusu kiapo. Nilipaza sauti kuhusu uongo. Mtu wa maziwa aliondoka bila kudai chupa zake. Ukasema, kwa sauti ndogo, "Sawa. Basi nitaenda tu pole pole." Ukaingia ndani.

Kelele zote zile, Nyambura, hazikuwa za kiapo. Zilikuwa za kulifunika swali.

Sasa nitakueleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Ninayaeleza ili ujue kwamba na mimi niliyajua wakati ule, na kwa hiyo sina kisingizio. Injini ya gari hili haina pistoni. Ina rota mbili zenye pembe tatu, na kwenye ncha ya kila pembe kuna kipande chembamba cha chuma, sili, kinachozuia moto usivuje kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Sili hizo ndizo uhai wa injini. Tabo ni konokono wa chuma anayezungushwa na moshi wa ekzosi ili asukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke pamoja nayo. Hewa nyingi na petroli haba huleta moto mkali unaolipuka kabla ya wakati wake, na sili zinapasuka kama glasi. Kinachopima petroli hiyo ni jeti, vijipande vya shaba vilivyomo ndani ya kabureta, kila kimoja na tundu lake. Tundu kubwa, petroli nyingi. Tundu dogo, petroli kidogo.

Nililinunua gari hili nikiwa mwalimu kijana hapa Molo, kabla ya kumuoa mama yako. Molo iko juu. Hewa yake ni nyembamba, na gari lisilo na tabo hapa hupumua kama mtu mwenye pumu. Magari ya watu wengine yalinipita kwenye kile kilima cha kutokea mjini, hata pikapu za viazi. Nilikuwa mtu wa majivuno. Nilisikia kwamba kuna fundi Nakuru, katika yadi nyuma ya maghala ya mbao, kijana kutoka Bungoma anayeitwa Wafula, ambaye alikuwa amezisoma injini za rotari kwa kuzifungua moja baada ya nyingine bila kitabu. Nikampelekea. Alitoa tabo kwenye lori dogo lililoharibika, akatengeneza mabomba yake mwenyewe, na kwa wiki tatu alichonga jeti nne kwa mkono. Alikuwa na sindano ya kutobolea na kioo cha kukuzia, na alikuwa akitoboa kidogo, anafunga, anawasha, anasikiliza, anafungua, anatoboa tena. Kila moja aliikwaruza msalaba mdogo juu yake. Zile za kiwandani, zenye tundu dogo, alizifunga kwenye karatasi akanipa.

"Weka hizi, Mwalimu. Siku ukichoka na tabo utazirudisha. Lakini tabo ikiwa ndani, usiguse zangu."

"Na hizi zako ni kubwa kiasi hicho kwa nini?"

"Ndio usiue injini. Huko kwenu Molo hewa ni kidogo, kwa hivyo itakula mafuta na itatoa moshi mweusi. Vumilia hiyo moshi. Hiyo moshi ndio usalama yako."

Alinieleza kwa maneno mepesi ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne angeyaelewa. Mimi nilikuwa nikihesabu makosa ya upatanisho katika sentensi zake.

Gari lilivuta. Siwezi kukudanganya juu ya hilo. Kile kilima cha kutokea mjini kilikuwa tambarare kwangu. Lakini kila asubuhi, nikiliwasha mbele ya nyumba za walimu, lilitoa wingu jeusi lililofika hadi kwenye foleni ya gwaride. Wanafunzi walikohoa kwa makusudi. Siku moja mwalimu mwenzangu wa hesabu alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, watu wote wakiwa wamekaa na chai yao, akasema, "Mwalimu, kumbe umeanza biashara ya makaa! Tuwekee gunia mbili basi." Wakacheka wote. Alasiri hiyo hiyo wanafunzi wa kidato cha pili walinipigia kelele kutoka dirishani, "Makaa! Makaa!", na jina hilo likanikaa mwaka mzima.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilifungua kabureta. Nilitumia bisibisi ambayo si saizi yake, nikavikwaruza vichwa vya jeti. Nilizitoa zile nne za Wafula nikarudisha zile za kiwandani. Jumatatu gari liliwaka bila moshi hata kidogo. Niliegesha mbele ya chumba cha walimu nikaingia kunywa chai. Huko juu, kwenye baridi na hewa haba, na mimi nikiendesha hapa hapa Molo tu, halikudhurika. Nikajiona nimempita fundi kwa akili.

Mwezi uliofuata yule mwalimu wa hesabu alihamishiwa Marigat. Nikaona ni lazima nimtembelee na gari, alisikie. Nilipopita Nakuru, Wafula aliomba twende pamoja. Hajawahi kuisikia injini ile katika joto, alisema, na anataka aisikilize huko chini. Alikaa kiti cha kushoto, dirisha wazi, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Hewa ilizidi kuwa nzito kadiri tulivyoteremka. Baada ya Mogotio barabara inanyooka, wewe umeiona. Nilikanyaga.

Wafula aliinua mkono. "Mwalimu, punguza."

"Kuna nini?"

"Naskia kitu kama njugu kwa sufuria. Inagonga. Punguza, tafadhali."

Na mimi nilisikia, Nyambura. Njugu zikirukaruka kwenye sufuria, ndani kabisa. Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba nikipunguza atasema tusimame, tukisimama atafungua boneti, na akifungua boneti ataona. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeendesha." Nikakanyaga zaidi, kama mtu anayeweza kulipita kosa lake kwa mwendo.

Halikulipuka. Watu hudhani hulipuka. Lilikohoa mara moja, likapoteza nguvu, likasimama kando ya barabara kwenye miiba, na kukawa kimya. Kipande cha sili kilikuwa kimevunjika, kikatoka kwa njia ya ekzosi, kikapasua mapanga ya tabo. Wafula alishuka, akaweka kiganja chake juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa. Tulivutwa na lori la mkaa hadi Nakuru. Mkaa, ndiyo. Najua unavyocheka.

Kesho yake alifungua injini pale yadini, mbele ya mafundi wenzake na wateja sita au saba, kwa kuwa kila mtu alitaka kuona rota. Alipofika kwenye kabureta alitoa jeti moja, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. Haikuwa na msalaba. Akanitazama.

"Mwalimu, kuna mtu alifungua hii kabureta?"

Ningeweza kusema ndiyo. Yangekuwa maneno mawili, "Ni mimi," na tungerudi nyumbani tumecheka makaa na kila kitu. Watu walikuwa wakinitazama. Nilikuwa nimevaa tai. Nikasema, "Hapana. Hakuna aliyeigusa."

Aliifuta ile jeti kwa kitambaa akairudisha mahali pake, taratibu. Alikuwa amekwisha kuona mikwaruzo ya bisibisi.

Laiti ningeishia hapo. Lakini uongo ukisemwa mbele ya watu hudai kulindwa. Wafula ndiye aliyekuwa akitengeneza basi la shule yetu, na mafundi wa Nakuru walikuwa wameanza kunong'ona kwamba huenda mwalimu alichezea gari lake. Basi niliketi, pengine kwenye meza hii hii, nikaiandikia kamati ya shule barua. Nilieleza kwamba fundi huyo hana elimu, anabahatisha, ameiharibu injini yangu, na kwamba si salama kumkabidhi basi linalobeba watoto wa watu. Ilikuwa barua nzuri. Mwenyekiti aliisoma mara mbili akaisifu. Alimpa nakala mwenye yadi, ambaye alikuwa shemeji yake. Ndani ya mwezi mmoja Wafula hakuwa na basi, na ndani ya miezi mitatu hakuwa na yadi.

Alikuja hapa mara moja. Tulikuwa tumeoana na mama yako, bado hujazaliwa. Alitembea kutoka stendi katika mvua ya Molo, mama yako akamkaribisha, akamwekea chai. Hakuja kugombana. Alisema, "Mwalimu, andika tu barua ingine. Si lazima useme ni wewe. Sema tu hujui kilichoharibu. Mimi nitafanya kazi yangu watu watajionea."

Unaona alichoniomba? Hakuniomba hata ukweli. Alikuwa tayari kupokea nusu yake.

Nikamwambia, "Nitaangalia." Nikasimama, kama anavyosimama mwenye nyumba anayetaka mgeni aondoke. Hapa kwetu mgeni haondolewi chai ikiwa kikombeni; nilifundishwa hivyo na nyanya yako na wewe nimekufundisha hivyo. Aliinuka akaondoka, na kikombe chake kikabaki mezani kimejaa. Mama yako alikitazama, akanitazama, akakichukua. Hajawahi kuniuliza. Ninadhani nimemkasirikia miaka yote hii kwa kutoniuliza, na hiyo ni dhuluma nyingine.

Basi hilo ndilo lililolala chini ya turubai. Kuku hawakulalia injini, walilalia barua yangu.

Nilipokuapisha usifunge tabo, ulidhani ninakuonea huruma, au ninalionea huruma gari. Sikuwa nikikulinda wewe. Nilikuwa ninajilinda mimi. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, jeti ndogo ni jeti sahihi, hakuna atakayezitazama mara mbili, hakuna atakayeuliza zile nyingine ziko wapi. Nilikuapisha kwa jina la Mungu ili unifichie jambo ambalo hukulijua. Ulikivunja kiapo hicho, na nimekasirika, na nikikaa nikifikiri, hasira hiyo inayotafuta mtu wa kumwangukia inarudi kwangu kila mara kama mbwa aliyefukuzwa.

Ninamkasirikia Wafula pia. Miezi minane umekuwa ukishika spana karibu naye. Amekufundisha kuweka sili, kupima joto la ekzosi, kuchanganya mafuta kidogo kwenye petroli ili ncha za rota zisikauke. Alijua wewe ni binti wa nani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa gari alilijua. Na hakukuambia. Nilikuuliza Jumatatu, kupitia kwa mama yako, alisema nini hasa kuhusu zile jeti, nawe ukamjibu mama yako kwamba Fundi alicheka tu akasema, "Muulize baba yako. Yeye ni mwalimu, hasahau." Mtu aliyenitukana mbele ya mji mzima ningejua la kumjibu. Huyu ameniachia nafasi niseme mwenyewe, na sijui nimfanye nini.

Mama yako aliniambia na mengine, kwa sauti ile anayotumia kusoma risiti. Kwamba Wafula hawezi kuchonga jeti nyingine kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu dogo kiasi hicho. Kwamba umeagiza mpya kutoka Japani na hazijafika. Kwamba lazima uripoti kazini bandarini Jumatatu. Kwamba Fundi alikukataza kushuka chini ya Emali, kwenye njia ya Mombasa, na jeti zilizomo, na wewe ukamwambia utaendesha pole pole bila kuiamsha tabo.

Sasa nisikilize, na hapa sina upole wa kukupa. Pole pole haipo. Hakuna mtu aliyefunga tabo ili asiikanyage. Utatoka hapa asubuhi kwenye baridi, kila kitu kitakwenda sawa, kwa sababu huku juu hewa ni haba na jeti ndogo zinaitosha. Utapita Nairobi, bado sawa. Utajiambia wazee wanapenda kutisha watu. Hewa itazidi kuwa nzito na wewe hutaiona, hewa haionekani. Mahali fulani baada ya Mtito utakuwa nyuma ya malori matatu yaliyofuatana, kuna joto, umechoka, na pengo litafunguka upande wa pili. Utakanyaga mara moja tu. Utakanyaga ukiwa umetoka kwenye njia yako, lori likija mbele yako, na hapo ndipo utakaposikia njugu. Mimi niliposikia njugu nilikuwa kwenye barabara tupu, na kilichokufa kilikuwa chuma. Wewe utakuwa na trela la kontena usoni na injini isiyovuta. Hilo ndilo lililonifanya nisilale tangu Jumamosi. Si kiapo. Niliweza kukuona uko pale katikati ya barabara, na jibu la swali lako liko ghalani kwangu.

Jeti zipo.

Sikuzitupa. Mara moja nilikwenda nazo hadi chooni nikaziweka kiganjani juu ya shimo, nikashindwa. Sijui kwa nini. Labda mtu aliyezoea kusahihisha hawezi kuharibu karatasi ya majibu. Zimekaa miaka ishirini na minane katika kopo la kakao, ghalani, nyuma ya sanduku la mitihani ya zamani. Leo asubuhi nililifungua. Ni za manjano bado, nne, kila moja na msalaba wake. Nilizishika nikaziona ni ndogo mno. Mtu amehama mji kwa ajili ya vitu vinavyoenea katika kijiko cha chai.

Nikupe shauri gani? Nilikuwa na mashauri mengi, nilikuwa nimeyapanga kwa mafungu. Nimeyatupa. Nitakuambia nililoliona tu. Siku ile yadini, kati ya swali la Wafula na jibu langu, palikuwa na muda wa pumzi moja. Nimeishi miaka yote hii katika pumzi ile. Nimesahihisha maelfu ya insha, nimewatoa watoto wa watu nje ya darasa kwa uongo mdogo kuliko ule, na wewe nimekulea kwa mkono mgumu nikidhani ninakunyoosha. Huko uendako utaharibu kitu siku moja. Winchi, pampu, kazi ya mtu. Kila mhandisi huharibu. Wataulizana nani aligusa, nawe utakuwa umevaa kofia safi na watu wanakutazama. Sema "Ni mimi" kabla hujavuta pumzi ya pili. Ya pili ndiyo inayoleta maneno mengine.

Na juu ya uongo wako wa Jumamosi thelathini na kitu: umenidanganya ili ukajifunze kwa mtu niliyemdhulumu. Sijui niuweke fungu gani. Umekosa, lakini siwezi kutoa alama.

Kesho njia yako inapita Naivasha. Utakata kwenda Karagita. Wafula atabadilisha jeti kwa mikono yake. Kwa kugusa tu ataweza, hata kama macho yamechoka, na tundu alikwisha kulitoboa akiwa kijana. Wewe usifungue kabureta mwenyewe, ingawa unaweza. Ni kazi yake, iliyokatizwa.

Nilitaka kukutuma na bahasha. Nilianza hata kuiandika, barua ile aliyoniomba, imechelewa kwa umri wako wote na zaidi. Nikaichana. Nilimwangusha kwa barua nzuri, na sitamwinua kwa nyingine. Uongo niliusema kwa mdomo wangu mbele ya watu. Ukweli nitausema kwa mdomo huo huo mbele ya majirani zake na wanaomletea bodaboda, na wewe ukiwa umesimama pale ukisikia. Baada ya hapo, kama atanipa chai, nitainywa. Kama hatanipa, nitajua ni kikombe kipi nilichokiacha kipoe.

Kwa hiyo gunia la viazi la mama yako nimelifungua mshipi na kulihamishia nyuma. Atalalamika, mwache. Kiti cha kushoto kina abiria hadi Karagita. Nitakaa alipokaa Wafula siku ile, dirisha wazi, na nikisikia njugu nitakuambia punguza, nawe utapunguza. Kama hutaki kunisalimia asubuhi, usinisalimie. Bado nimekasirika, na nafikiri wewe pia. Washa tu gari.

Kopo nitalipakata mwenyewe. Fimbo inabaki nyumbani.

Baba yako